Ukingo wa Mshono

Mshono wa weldi una sehemu moja ambayo mtu asiyeijua kazi hii haitazami. Jicho lake huenda moja kwa moja kwenye mgongo wa mshono, huona umenyooka, umejaa, unang'aa, akaridhika. Fundi aliyekomaa hutazama pembeni. Anautafuta ule mstari mwembamba ambapo chuma kilichoyeyushwa kinaishia na bamba linaanza, yaani ukingo. Trela hupasukia hapo. Mkono wa kreni huanza kufa hapo. Na kazi inayofanyika hapo, baada ya moto kuzimwa na wengi kuamini kwamba shughuli imekwisha, ndiyo ninayoiheshimu kuliko nyingine yoyote katika karakana ya chuma.

Chuma kinaweza kubeba mzigo leo, kesho na mwaka mzima, kisha kikakatika siku ambayo mzigo ni uleule wa siku zote. Tarehe 8 Mei 1842, karibu na Meudon nchini Ufaransa, ekseli ya injini ya treni iliyokuwa ikitoka Versailles kurudi Paris ilikatika. Mabehewa yalipandana, yakashika moto, na makumi ya watu wakafa. Ekseli ile haikuzidiwa na mzigo wa siku ile; ilikuwa imechoka. Miaka iliyofuata August Wöhler, mhandisi wa reli wa Prussia, alibuni mashine za kukunja na kuzungusha ekseli bila kupumzika, na kufikia mwaka 1870 alikuwa ameonyesha kwamba kinachoua si ukubwa wa mzigo peke yake. Kinachoua ni tofauti kati ya mkazo wa juu na mkazo wa chini, ikirudiwa maelfu na mamilioni ya mara.

Kwa mshono wa weldi hesabu hiyo ni kali. Tofauti ya mkazo ikipungua kwa nusu, mshono huishi mara nane. Ikiongezeka mara mbili, unabakiwa na sehemu moja ya nane ya uhai wake. Mwenye lori anayeongeza robo ya mzigo juu ya ule uliokusudiwa anadhani amekula robo ya uhai wa trela lake, kumbe amekula karibu nusu. Laiti hesabu hii ingebandikwa ukutani katika kila yadi ya malori kuanzia bandarini hadi Tunduma.

Hapo ndipo wengi wanapokimbilia chuma chenye nguvu zaidi. Chuma cha kawaida cha madaraja na magari, kile kinachoitwa S355, huanza kuvutika bila kurudi mkazo ukifika megapaskali 355. S690, ambacho kiwandani hupozwa ghafla kwa maji kisha kikapashwa tena taratibu, hustahimili karibu mara mbili ya hapo. Mikono ya kreni kubwa zinazotembea barabarani siku hizi hutengenezwa kwa chuma cha 960 na hata 1100. Faida yake inaeleweka kwa yeyote anayelipia mafuta: bamba linakuwa jembamba, gari linakuwa jepesi, mzigo unaongezeka.

Lakini chomelea kipande kidogo juu ya bamba la S690, uache mshono kama ulivyotoka kwenye moto, kisha ulivute na kuliachia. Utapata uhai uleule ambao ungeupata kwenye S355 chini ya mkazo uleule. Vitabu vya kanuni vinakiri hivyo waziwazi. Eurocode 3, kanuni ya Ulaya ya majengo ya chuma, huupa mshono kama huo, wa kipande kifupi kilichowekwa kukingama na mvutano, kiwango cha megapaskali 80 kwa mizunguko milioni 2, na haiulizi chuma ni cha daraja gani. Kwa hiyo aliyepunguza unene wa bamba akitegemea nguvu ya chuma ameongeza mkazo, na hajaongeza chochote upande wa uhai. Amelipia chuma ghali ili trela life mapema.

Sababu yake ni ndogo kiasi cha kuhitaji darubini. Abington, kijiji kilicho karibu na Cambridge, Uingereza, palikuwa na maabara ya chama cha utafiti wa uchomeleaji, na mwaka 1967 Signes na wenzake watatu walichapisha walichokiona katika mishono ya vyuma vyenye nguvu. Walikuwa wameikata, wakaing'arisha, wakaukagua ukingo. Ndani yake mlikuwa na mipasuko midogo sana iliyojaa slagi, yaani takataka za kuchomelea, yenye kina cha sehemu moja hadi nne za kumi za milimita. Haikuwa kazi ya mafundi wabovu. Mishono mizuri nayo ilikuwa nayo, kwa sababu ndivyo chuma kilichoyeyuka kinavyokutana na bamba kinapoganda.

Muuza vitambaa wa Kariakoo anajua jambo hili kwa vidole vyake. Hakati kitambaa chote kwa mkasi. Hutia mkato mdogo kwenye pindo, kisha huvuta kwa mikono miwili, na kitambaa kizito huchanika sawa na chepesi. Nguvu ya chuma hufanya kazi ya kuuzuia ufa usizaliwe. Ufa ukishazaliwa, mwendo wake hautegemei sana nguvu hiyo. Unategemea jinsi chuma kinavyonyumbuka, na hapo vyuma vyote vinalingana, gigapaskali 210 hivi, cha bei ndogo na cha bei kubwa. Mshono wa weldi huzaliwa na ufa wake. Uhai wote wa bamba ambao ungetumika kuusubiri ufa uanze umeshatumika siku ya kwanza.

Tena kuna mvutano usioonekana. Mshono ukipoa hutaka kusinyaa, na bamba linalouzunguka linaukatalia, hivyo pembeni mwa mshono hubaki chuma kilichovutwa hadi karibu na mwisho wa uwezo wake kabla hata tofali moja halijapakiwa. Ndiyo maana ukingo unaweza kupasuka hata mahali ambapo mzigo unasukuma badala ya kuvuta.

Nilikuwa nikiyajua haya kwa kuyasoma. Niliyaona yakishughulikiwa kwa mkono katika karakana moja ya matrela pembeni mwa Barabara ya Mandela, Dar es Salaam, kwa fundi ambaye vijana wake humwita Mzee ingawa nywele zake bado ni nyeusi. Alikuwa akitengeneza trela la kubebea mawe, tumbo lake la chuma kigumu, fremu yake ya chuma chenye nguvu.

Maandalizi yake nitayapita haraka, ingawa kila moja lingestahili makala yake. Vijiti vyake vya kuchomelea ni vya haidrojeni kidogo, na havitoki kwenye boksi kwenda kwenye kishikio. Vinakaa kwenye oveni ndogo, maana hewa ya pwani hii hulowesha kila kitu, unyevu huingiza haidrojeni kwenye mshono, na mshono huo unaweza kupasuka wenyewe kesho yake, karakana ikiwa imefungwa. Bamba nene hulipasha joto kwanza na kulipima kwa chaki inayoyeyuka kwenye joto maalumu. Hapitishi kiasi. Moto ukipungua chuma hiki huwa kigumu na kupasuka. Ukizidi hulegea, na nguvu aliyoilipia mwenye trela huyeyuka nao. Haanzi mshono kwenye kona wala hamalizii kwenye kona. Huizunguka kona kwa mwendo mmoja na kuacha mwanzo na mwisho mahali pasipo na mkazo mkubwa.

Alipomaliza, mshono ulikuwa mzuri. Kijana wake alianza kukunja nyaya.

"Mzee, si imeisha hii?"

"Imeshika tu, mwanangu. Haijaisha. Niletee ile grenda ndogo."

Grenda ndogo ilikuwa ya kutumia hewa, ndefu kama tochi, na mbele yake kichwa cha kabaidi chenye umbo la yai na meno madogo yaliyochongwa kwa mshazari. Kichwa kama hicho huzunguka makumi ya maelfu ya mara kwa dakika. Mlio wake ni mwembamba na mkali, nacho hakitoi cheche kama grenda ya sahani. Kinarusha vijisindano vya chuma, vyepesi, vinavyoingia popote visipokutana na miwani na glavu. Mzee alijifunga shingo, akavaa vizuia sauti, akapiga goti moja, akauegemeza mkono wa kushoto kwenye fremu ili mkono wa kulia upate pa kutulia. Alikishusha kichwa cha kabaidi juu ya ukingo kwa mshazari, kikigusa bamba na mshono kwa pamoja, akaanza kukivuta.

Alikivuta polepole mno. Nilipoinama niliona kijito kinaanza kutokea nyuma ya kile kichwa, chenye mng'ao, chenye chini ya duara. Palipokuwa na kona kali kati ya mshono na bamba sasa palikuwa na bonde laini. Mara mbili aliinua mkono, akapuliza, akatazama, akarudia mahali palepale. Safari ya kwanza ilikuwa ya kuondoa, ya pili ya kulainisha.

Kina ndicho kipimo cha ustadi hapa. Kanuni zinazofuatwa duniani zinataka kijito kishuke angalau nusu milimita chini ya shimo la ndani kabisa linaloonekana kwenye ukingo, maana pungufu ya hapo ile mipasuko ya slagi inaweza kuwa bado imo. Zinataka pia kisizidi milimita 2 au asilimia 7 ya unene wa bamba, kinachotangulia kati ya hivyo viwili, ili bamba lisidhoofike. Bamba la Mzee lilikuwa la milimita 10. Asilimia 7 yake ni sehemu saba za kumi za milimita. Hata ukingo wake ukiwa safi, usio na shimo hata moja, kati ya kidogo mno na kingi mno ana sehemu mbili za kumi za milimita, naye anaiongoza mashine ya kelele kwa viganja na kiwiko, kwenye jua la saa nane.

Kuna jambo lingine alilolifanya ambalo ningelipita bila kuliona kama nisingelikuwa nimesoma kabla. Mikwaruzo iliyobaki ndani ya kijito ilikuwa imekingama, ikienda kutoka kwenye bamba kupanda kwenye mshono. Hakuna hata mmoja uliofuata urefu wa mshono. Mkwaruzo unaofuata urefu wa mshono umekaa vibaya kwa mvutano wa fremu. Ni mlango mpya wa ufa, mwembamba kama ule uliotolewa. Uliokingama unalala upande mmoja na mvutano, na ufa haupati pa kushika. Hii ndiyo hitilafu ninayoiona mara nyingi mitaani kwetu: fundi huchukua grenda ya sahani, hunyoa mgongo wa mshono mpaka ulingane na bamba na kung'aa, mteja hufurahi, na ukingo umeachwa kama ulivyokuwa au umeongezewa mikwaruzo ya urefu. Nawasihi wenye magari wasilipie mng'ao huo.

Mwisho Mzee alichukua tochi, akailaza karibu na bamba ili mwanga upite kwa pembeni, akauangalia mshono wote kwa kioo cha kukuzia. Alikuwa anatafuta ule mstari. Ukiwa bado unaonekana mahali popote, hata kwa urefu wa ukucha, hapo pasingehesabika kuwa pameguswa. Aliukuta sehemu moja, karibu na kona. Akarudi kupiga goti.

Mita moja ya kazi hii inaweza kumeza saa nzima. Malipo yake kwenye hesabu ni uwezo wa kubeba asilimia 30 zaidi ya mkazo, na kwa ile kanuni kali ya uhai hiyo ni zaidi ya mara mbili ya umri. Saa moja ya grenda ndogo inampa mwenye trela kile ambacho tani za chuma ghali hazikuweza kumpa.

Anayeona saa hiyo ni nyingi ni vyema akumbuke jukwaa la Alexander L. Kielland. Lilielea katika Bahari ya Kaskazini, upande wa Norway, kwenye eneo la mafuta la Ekofisk, likitumika kama bweni la wafanyakazi. Lilijengwa Ufaransa na kukabidhiwa mwaka 1976, likiwa na miguu mitano iliyounganishwa kwa mihimili ya mabomba makubwa. Jioni ya tarehe 27 Machi 1980 mhimili mmoja, ulioitwa D-6, ulikatika. Mihimili mingine iliyoshika mguu ule ikafuata, mguu ukachomoka, na jukwaa likalala ubavu na baadaye kupinduka kabisa. Walikuwamo watu 212. Waliokufa ni 123.

Mhimili wenyewe ulikuwa na kipenyo cha mita 2.6, na haukuwa na kasoro katika kazi yake kubwa. Lakini ulikuwa umetobolewa ili kuchomelewa kibomba kifupi cha kushikilia chombo cha kusikia sauti chini ya maji, chombo cha kusaidia jukwaa kujua mahali lilipo. Kibomba hicho kilihesabiwa kuwa kifaa tu, si sehemu ya kubeba, na mshono wake ulikuwa wa milimita 6, wenye umbo baya. Wachunguzi walipozisoma nyuso za mpasuko walikuta rangi ndani ya ufa. Rangi hupakwa kwenye karakana ya meli. Ufa ulikuwepo tangu huko, na mpaka rangi ilipakwa juu yake.

Kisha bahari ikafanya kazi yake. Wimbi moja kila sekunde sita ni zaidi ya mawimbi milioni 5 kwa mwaka, na kila moja lilivuta na kuachia. Ufa ulitoka kwenye kale kamshono, ukaingia kwenye mhimili, ukauzunguka hadi takribani theluthi mbili, na kilichobaki kikashindwa kwa mara moja. Nikisoma habari hii sifikirii mhimili. Namfikiria mtu aliyekabidhiwa kibomba kile mwishoni mwa zamu, akaambiwa hicho ni kidogo, kishike tu.

Njia ya grenda inaondoa kasoro. Kuna njia nyingine ambayo haiondoi kitu: inaugonga ukingo. Nyundo za hewa zilijulikana zamani, zikitikisa mkono wa fundi mpaka maumivu, na matokeo yake hayakufanana. Kaskazini mwa Urusi, Severodvinsk, mji unaojenga nyambizi, Efim Statnikov na wenzake walianza katika miaka ya 1970 kutumia mawimbi ya sauti isiyosikika kusukuma vipini vidogo vya chuma kigumu dhidi ya ukingo. Zana za jamii hiyo leo hugonga zaidi ya mara 90 kwa sekunde, nyingine mara nyingi zaidi ya hapo. Fundi anakishikilia chombo bila kung'ang'ana, anakitembeza juu ya mstari, na nyuma yake hubaki mfereji wa kina cha sehemu mbili hadi sita za kumi za milimita, unaong'aa kama umepigwa msasa na haukupigwa.

Uzuri wake uko chini ya uso. Chuma kilichogongwa kinataka kutanuka, majirani zake wanakibana, na ule mvutano wa baada ya kupoa unageuka kuwa msukumo. Mipasuko ya slagi ikibaki imebanwa midomo. Na hapa, hatimaye, chuma chenye nguvu kinapata haki yake, kwa kuwa kadiri chuma kinavyoweza kubeba zaidi ndivyo kinavyohifadhi msukumo mkubwa zaidi ndani yake. Mapendekezo ya Taasisi ya Kimataifa ya Uchomeleaji, yaliyoandikwa na Marquis na Barsoum na kutoka mwaka 2016, yanaupandisha mshono uliogongwa hivyo ngazi nne katika chuma cha kawaida na hadi ngazi nane katika chuma cha zaidi ya megapaskali 950, kila ngazi ikiwa na asilimia 12 na nusu hivi. Kwa mshono ulioachwa kama ulivyotoka kwenye moto vyuma vyote ni sawa. Kwa mshono uliopita mikononi mwa fundi vinaachana.

Msukumo huo unaweza kupotea. Mzigo mmoja wa kupita kiasi unaolivuta au kulikandamiza bamba hadi mwisho wa uwezo wake huufuta, na mshono unarudi ulikokuwa. Ndiyo maana mimi bado nina mapenzi zaidi na kijito cha grenda, hasa kwa barabara zetu na mizani yetu: kilichoondolewa hakirudi.

Karakana ile haikuwa na chombo cha kugonga. Mzee alikuwa na kichwa chake cha kabaidi, na kabla ya hapo alikuwa na jambo lingine ambalo nililielewa baadaye. Ukingo ukishapona, ufa hutafuta mlango mwingine, na mlango huo ni mzizi, ule upande wa ndani wa mshono ambapo mabamba mawili yanakutana na hakuna grenda inayofika. Mshono usiopenya hadi ndani una mpasuko tayari, mrefu kama mshono wenyewe, na kulainisha ukingo wake ni kupoteza hewa na kabaidi. Asubuhi ile, kabla hajawasha moto, alikuwa ameshika mabamba mawili yaliyoletwa na mkata gesi, akapitisha kidole gumba kwenye midomo yake, akaona imekatwa wima. Akayarudisha yakachongwe mshazari, na kazi ikasimama hadi karibu na saa sita.